Kibarua kikiota nyasi: jinsi ya kubana matumizi na kuingiza hela mpaka upate kazi nyingine

Hii ni kwa mtu wa Dar au mji wowote wa Tanzania aliyekua anaishi kwa mshahara, ana familia, alafu siku moja kaitwa ofisini kakabidhiwa barua. Nitatumia hesabu za mfano ili uone mambo yanavyokwenda, we utaweka za kwako. Na nianze na msimamo wangu kabisa, maana ndo hatua zote zinaufuata: ile hela unayolipwa ukitolewa kazini usiiite mtaji. Ni muda umenunuliwa. Ihesabu kwa miezi, kwamba hii inanipeleka mpaka mwezi wa ngapi, ukianza kuihesabu kwa milioni utashangaa umenunua pikipiki na friza na mwezi wa tatu unakopa unga.

Hatua ya 1: Usisaini kitu kwa haraka, na dai chako chote

Wiki ya kwanza watu wengi wanaipoteza kwa aibu na hasira. Itumie kwenye makaratasi. Kuna maofisi yanamwambia mtu "andika tu barua ya kujiuzulu tumalizane vizuri", na yeye kwa kuwa kachoka anaandika. Usiandike. Ukijiuzulu mwenyewe unajitoa kwenye kiinua mgongo na kwenye fao la kukosa ajira la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara), yaani unawasaidia wao kuokoa hela yako.

Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, kama umefanya kazi mwaka mzima mfululizo na zaidi, alafu umeachishwa bila kosa la nidhamu, mwajiri anatakiwa akulipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10. Juu yake kuna notisi (anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, akitaka uondoke leo akulipe hizo siku), siku za likizo ambazo hukuchukua, siku ulizofanya kazi mwezi huo, na kama walikuajiri ukiwa mkoa mwingine kuna nauli ya kukurudisha. Cheti cha utumishi pia dai, utakihitaji mbele.

Mfano: basic (mshahara wa msingi) laki 9, unafanya kazi siku sita kwa wiki, una miaka 6. Laki 9 gawa kwa siku 26 unapata kama 34,600 kwa siku, mara 7 ni kama 242,000, mara miaka 6 ni kama milioni 1.45. Ongeza notisi laki 9, una kama milioni 2.35. Likizo tuiache kwanza tusijipe moyo.

Ukiona umetolewa kwa uonevu au utaratibu haukufuatwa, kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu toka siku ya kuachishwa, sasa wewe ukikaa mwezi mzima unasubiri bosi atakupigia, zimeisha.

NSSF nenda mapema. Fao la kukosa ajira kwa aliyechangia kuanzia miezi 18, na hakuacha mwenyewe, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mtu wetu wa laki 9 ni kama laki 3 kila mwezi. Kabla hujapanga foleni hakikisha michango yako iliingia kweli, kuna waajiri wanakata kwenye mshahara na hawapeleki, na hilo bora uligundue ukiwa bado unafahamiana na watu wa mishahara. Na usipange bajeti kama vile itaingia wiki ijayo, makaratasi huwa yanazunguka.

Bima ya afya kupitia kazini nayo uliza inafungwa lini. Kama kadi bado inasoma, mpeleke mtoto meno, chukua miwani, mama apime presha. Kikifika kipindi cha kulipa cash utakumbuka.

Hatua ya 2: Ambia watu wa nyumbani siku hiyo hiyo

Fupi tu hapa. Kuna wanaume wanaamka, wanapiga pasi shati, wanapanda daladala kwenda kukaa Posta chini ya mti mpaka saa kumi jioni ili mke asijue. Wiki nzima nauli na chakula cha mchana zinaondoka, na nyumbani wanaendelea kula kama zamani. Kaa na mwenzio, weka namba mezani. Watoto wakubwa waambie pia kwa lugha yao, wanaelewa kuliko tunavyodhani, ukimwambia mtoto wa form two kwamba mpaka mwezi wa sita hakuna hela ya chipsi ataacha kuomba.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miezi

Chukua daftari, andika mwezi uliopita ulitumia nini. Rudi kwenye meseji za M-Pesa au mtandao wowote unaotumia, zipo zote. Familia ya mfano, watu watano, wamepanga Tabata:

Kodi 200,000. Chakula 380,000. Ada na basi la shule 220,000. Nauli 90,000. Umeme, maji na gesi 85,000. Bando na king'amuzi 55,000. Michango na vikoba 70,000. Jumla milioni 1 na laki 1.

Sasa una 2.35M, NSSF inakupa laki 3 kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi unachota laki 8 kwenye akiba. Mwezi wa tatu hauishi vizuri umekauka. Ukishusha matumizi mpaka laki 6, unachota laki 3 tu, miezi sita inapita na bado unabaki na kama laki tano na nusu. Hela ni ile ile. Toka miezi mitatu isiyotimia mpaka zaidi ya sita, na hapo hujaingiza hata mia.

Laki 6 inatoka wapi? Twende.

Hatua ya 4: Kata vikubwa kwanza

Watu wakisikia kubana wanaanza na sukari ya chai. Anza na kodi, shule na madeni.

*Kodi.* Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kama ulishalipa na una miezi minne mbele, hiyo ni baraka, usihame, kuhama kuna gharama, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, kirikuu ya kubeba vitu, na chumba kipya kinataka miezi sita tena. Kama kodi inaisha karibuni, mfuate baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba mwezi mmoja kabla, uso kwa uso, mwambie hali ilivyo na omba ulipe kwa mwezi au miezi miwili miwili. Mpangaji ambaye hajawahi kusumbua ana nguvu kuliko anavyojua, maana na yeye hataki nyumba ikae wazi. Akikataa kabisa ndo utafute chumba na sebule sehemu ya mbele zaidi, na utafute kwa kuuliza wapangaji wenyewe kabla ya kumfuata dalali.

*Shule.* Hapa panauma, nitakua mkweli. Kama watoto wapo private na basi la shule, ni moja ya sehemu zinazokula hela sana na ndo ya mwisho watu kugusa kwa sababu ya majirani watasemaje. Shule za serikali hazina ada toka mwaka 2016 kwa msingi na sekondari mpaka kidato cha nne, na baadae kidato cha tano na sita wakaongezwa. Bado kutakua na sare, madaftari, chakula cha shule, lakini laki 2 na ishirini inaweza kushuka mpaka elfu 30. Mtoto aliye kwenye darasa la mtihani, la saba au form four, mi nisingemhamisha katikati, ningeenda kwa mwalimu mkuu kuomba kulipa kidogo kidogo na kuondoa basi. Wadogo wahame mwisho wa muhula, ukiwa umemaliza deni ili wakupe karatasi za uhamisho bila vita.

*Madeni.* Kama una mkopo wa bank uliokua unakatwa kwenye mshahara, nenda bank kabla tarehe ya makato haijafika, omba marejesho yapangwe upya. Na soma mkataba wa mkopo, mikopo mingi ya wafanyakazi inakatiwa bima na baadhi ya bima hizo zinagusa mpaka kupunguzwa kazi. Ulilipia bila kujua, uliza.

Alafu kuna kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Jamani. Usikope kausha damu kununua chakula, na usikope hela za programu za kwenye simu kulipa hela za programu nyingine. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, hizo ndo zile zinazochukua namba zako zote kwenye simu na kuwatumia meseji mpaka mkwe wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Huna mshahara sasa hivi, hakuna tarehe ambayo utaweza kuirudisha, kwa hiyo riba inakula siku zote.

Kwenye vikoba usikimbie. Nenda kwenye kikao, sema hali yako, omba hisa zako zishuke mpaka kima cha chini au usimame kununua kwa muda. Kikundi kinasamehe aliyesema, aliyezima simu wanamfuata kuchukua TV.

Hatua ya 5: Michango

Hii nimeipa hatua yake yenyewe kwa sababu bajeti nyingi zinafia hapa. Kitchen party, send-off, harusi, kipaimara, maulidi, arobaini, na msiba haupigi hodi. Tenganisha: msiba nenda, toa buku mbili au tano yako na nguvu zako, kaa na watu. Sherehe sema hapana mapema na kwa adabu, kabla hawajakuandika kwenye ahadi. Unaweza kutuma kitu kama hiki:

"Habari za leo mwenyekiti. Nashukuru kwa kadi ya mchango. Kwa sasa kazi imesimama hivyo sitaweza kuchangia kiasi kilichopangwa. Siku ya shughuli nitafika mapema kusaidia kupanga ukumbi na kupokea wageni, naomba mnipokee kwa hilo."

Mtu mwenye akili hawezi kukuchukia kwa meseji hiyo. Ukikaa kimya atakutumia kikumbusho kila Ijumaa.

Wazazi kijijini usiwatumie meseji, piga simu. "Shikamoo mama. Mama, kazi imesimama, ile elfu hamsini ya kila mwezi nitakua natuma ishirini mpaka nikae sawa, nikikaa sawa nitakwambia mwenyewe." Mara nyingi anayeshtuka ni wewe, utasikia usitume hata hiyo ishirini, na wiki inayofuata gunia la mahindi limepakiwa kwenye basi. Lipokee, usione haya.

Na dada wa kazi kama yupo na huwezi kumlipa, mlipe chake chote mpaka siku hiyo, mpe nauli, muachane vizuri. Kumuweka bila mshahara kwa kuwa anakula kwako ni dhulma.

Hatua ya 6: Jikoni

Adui mkubwa hapa ni vipimo vidogo. Mafuta ya kupima ya jero, sukari ya robo, sabuni ya kipande, mkaa wa kopo. Kila kimoja ukijumlisha mwisho wa mwezi umelipa zaidi ya aliyenunua kwa wingi. Ukishapata tu ile hela ya kwanza, nunua vikavu vya mwezi mzima: unga, mchele, maharage, mafuta ya dumu, sukari, sabuni ya mche, chumvi. Nafaka nenda Tandale, ndizi na matunda Mabibo, samaki Feri asubuhi mapema. Kama nauli inakuumiza unganeni majirani watatu, mmoja aende, mgawane.

Unga: mahindi ya debe ukayapeleka mashine kusaga dona ni nafuu kuliko sembe la kwenye paketi na linashibisha zaidi. Watoto watalalamika siku nne tano, watazoea. Mboga ni dagaa, maharage, kunde, mchicha, matembele. Matembele yapande kwenye viroba vya saruji hapo hapo uani, unachukua vikonyo tu kwa jirani unachomeka, ndani ya wiki chache unachuma. Nyama si lazima ife kabisa, utumbo, miguu na vichwa vya kuku, mara moja kwa wiki ili nyumba isikae kama msibani.

Maharage loweka usiku kucha, yanaiva haraka, na yachemshe ya siku mbili tatu kwa mara moja kwenye mkaa, gesi iache kwa chai na vitu vya haraka. Asubuhi mkate wa dukani kwa watu watano kila siku ni hela nyingi, weka viazi vitamu, mihogo, au kanda maandazi mwenyewe, na chai ya rangi haijamuua mtu.

Kwa mfano wetu chakula kinatoka 380,000 mpaka 240,000. Inawezekana, ila mpishi wa nyumbani lazima ashirikishwe kwenye mpango, huwezi kuleta gunia la dagaa ukategemea makofi.

Hatua ya 7: Umeme, maji, simu

Umeme angalia upo tarifa gani. Matumizi ya kawaida (T1) uniti moja inakuja kama 356 ukiweka na kodi. Watumiaji wadogo (D1, mtaani wanaiita tarifa 4) uniti 75 za mwezi zinakuja kama 9,150. Uniti hizo hizo 75 kwa T1 ni kama 26,700. Kwa hiyo kama nyumba yenu mnaweza kushuka chini ya 75, zima hita ya koili, piga pasi mara moja kwa wiki, friji likifunguka hovyo badilisha raba ya mlango, alafu nenda TANESCO kuomba kushushwa, wanaangalia matumizi yako ya nyuma. Ukishashushwa usizidishe, uniti ya 76 kwenda mbele unalipa bei ya juu kuliko hata ya T1.

Maji, uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kama mnanunua dumu kwa mia kwa jirani, mnalipa 5,000 kwa kitu ambacho mwenye bomba anakipata kwa bei ya chini sana. Ongea na wapangaji wenzio mchange kwenye bomba la pamoja.

King'amuzi lala na chaneli za bure. Bando nunua la wiki au mwezi moja la nyumba nzima, hizi za saa 24 zinakuibia taratibu.

Hatua ya 8: Hela ya kuingia

Sasa hapa ndo kila mtu atakua na ushauri. Shemeji atasema kuku, jirani atasema boda, rafiki wa zamani atakuita kwenye semina ya hoteli.

Anza na kitu unachokijua tayari, maana hakihitaji mtaji. Mhasibu zungukia maduka ya hardware na ya dawa mtaani, wengi wanaogopa makaratasi ya TRA, waandikie mahesabu kwa mwezi. Mtunza stoo wahesabie mzigo. Mwalimu fungua tuisheni uani jioni. Dereva uliza stendi nani anahitaji deiwaka. Aliyekua sekretari ana msimu mzima wa kujazia watu maombi ya kazi, ya vyuo na ya mikopo ya wanafunzi kwa laptop na bando tu. Wapigie uliofanya nao kazi zamani, hasa wale waliohamia kampuni nyingine, nafasi nyingi zinasikika huko kabla hazijatangazwa. Na kazi ikikuomba hela ya fomu, ya sare au ya medical kabla ya usaili, hiyo sio kazi.

Pili ni vitu vya hela ya kila siku: chapati, maandazi, uji na mihogo asubuhi kituoni, matunda ya kukata, genge dogo mbele ya nyumba. Havina heshima kwa macho ya watu waliokua wanakuita bosi, lakini faida ya 8,000 kwa siku mara siku 26 ni 208,000, theluthi nzima ya bajeti yetu ya laki 6. Jaribu wiki mbili kwa mtaji wa elfu 50, andika kila kitu, mpaka mkaa na chapati ulizokula mwenyewe. Mauzo ya mwaka yakiwa chini ya milioni 4 kodi ya mapato ni sifuri, kwa hiyo hilo lisikutishe.

Tatu, vikubwa. Mi ningesema kabla ya mwezi wa tatu usiguse, na ukigusa isizidi laki 3 au 4 kwenye ile 2.35. Kuku wa nyama: hesabu ya kwenye karatasi ni tamu, ila chakula ndo gharama kubwa, wiki mbili za kwanza wanataka joto usiku kucha, chanjo ya mdondo na gumboro usiruke, na wakifika wiki ya tano hujapata mteja wanaendelea kula tu kila siku faida yako. Tafuta mnunuzi kwanza, ndo ununue vifaranga, na anza na hamsini. Boda ya kumpa mtu kwa hesabu: ukiwa huendeshi mwenyewe jiandae kwa siku za "bosi leo tairi", "bosi leo trafiki". Uwakala wa miamala: kamisheni ni ndogo, inataka float (hela ya kuzungushia miamala) kubwa na sehemu yenye watu, na mwenye njaa nyumbani ataila float.

Na wale wanaokuahidi hela izae yenyewe, waepuke. Anayekumbuka DECI ya mwaka 2009, ule upatu wa kupanda na kuvuna, hahitaji maelezo.

Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana inatolewa kwa vikundi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Inachukua muda, kwa hiyo peleka maombi na uendelee na chapati.

Hatua ya 9: Kila tarehe 30 hesabu tena

Daftari lile lile: nimebakiwa na shilingi ngapi, natumia ngapi, naingiza ngapi, nimebakiza miezi mingapi. Ikiwa ni zaidi ya mitatu endelea hivyo hivyo. Ikishuka chini ya miwili usisubiri iishe. Uza gari kama lipo ungali na nafasi ya kugomea bei ya dalali, uza friza, uza sofa kubwa. Na kama kijijini kuna nyumba na shamba, panga familia iende mapema, kwenye likizo ya mwezi wa sita au wa kumi na mbili, watoto wakiwa na uhamisho mkononi, mmoja abaki mjini kwenye chumba kimoja anatafuta. Chumba hicho kitafute kwanza kabla hujakabidhi funguo za nyumba kubwa, na vitu ambavyo huwezi kubeba viuze kwa majirani wiki mbili kabla, maana ukiviuza siku kirikuu ipo mlangoni watakupa bei wanayotaka wao.